Mzee wa Chumba cha Baridi

Wengi walimjua kwa kumkosea. Hospitali yetu iko upande wa Port Reitz, na ukiingia kwa geti la nyuma, lile la lori la nguo za kufua, mlango wa kwanza mkono wa kushoto ulikuwa wake. Mlango wa chuma, hauna kibandiko wala dirisha, na chini yake kunatoka baridi ambayo hata ukipita na ndara unaisikia vidoleni. Basi mtu aliyefiwa akiambiwa na askari "zunguka nyuma, ule mlango wa baridi", alikuja kugonga pale akidhani ni mochari. Mzee alifungua. Ndani hakuna maiti. Kuna kabati la chuma limejaa mashine zinazonguruma, kiti kimoja, na yeye mwenyewe kavaa sweta la sufu katika jua hili letu, kofia kichwani, miwani imefungwa kwa uzi wa kushonea.

"Si hapa," akiwaambia, "lakini twendeni."

Hakuwa mtu wa kunyoosha kidole. Alifunga mlango wake, akatangulia nao polepole mpaka mochari yenyewe, upande wa pili wa hospitali, na haondoki mpaka awaone wamepokelewa. Mimi na mdomo wangu nilimwambia siku moja kwamba hiyo ni kazi ya askari. Akaniangalia juu ya miwani.

"Askari hajui kwenda na mtu aliyefiwa," akasema. "Anakwenda mbio."

Kwa hivyo tukamwita Mzee wa Chumba cha Baridi, na hakukataa. Kazi yake ilikuwa kusimamia databesi ya hospitali. Kwa asiyejua, databesi ni pale maelezo ya kila mgonjwa yanapowekwa, jina, maradhi, dawa, siku ya kliniki, ili karani akiandika upande huu daktari aone upande ule. Mimi nilikuwa karani wa rekodi, kaunta yangu ikitazamana na mlango wake, na kwa miaka mingi sijapata kumwona mtu anayejua mashine vile na kuziamini kidogo vile. Nitamweleza kama nilivyomwona. Lakini niseme mapema jambo linalonikera rohoni mpaka leo: katika marehemu wote wa hospitali ile, mmoja alibaki akiitwa kliniki kila mwezi mpaka juzi, na alikuwa mkewe.

Msimdhanie mpole. Kwa wafiwa alikuwa maji ya mtungi, kwetu sisi makarani alikuwa pilipili. Ukikosea ukaandika nambari ya simu pale panapotakiwa mtaa, hakutuma mtu. Alitoka mwenyewe na sweta lake, akasimama mbele ya kaunta watu wote wakisikia. "Nani kati yenu amemhamisha mgonjwa kutoka Chaani akamweka ndani ya simu?" Wagonjwa wakicheka, sisi tukiinamisha vichwa. Alitukataza kuingia na chai mle ndani, eti mvuke huharibu, na yeye mwenyewe kikombe chake cha kahawa ya tangawizi kilikaa juu ya kabati kutwa. Nilipomwambia alisema kahawa yake ina adabu.

Juu ya kabati lile alitandika leso, kuzuia vumbi la malori ya Changamwe ambalo halina mlango lisilopita. Ilikuwa leso ya mkewe, kanga nyekundu iliyokwisha pauka, na maandishi yake aliyakunja kwa ndani ili tusiyasome. Kabla ya kufinya kitufe chochote kikubwa alisema bismillahi, kwa sauti, kisha akangoja kidogo kana kwamba mashine nayo inatakiwa kuitikia. Kijana mmoja wa hesabu aliwahi kumcheka. Mzee akamwambia, "Wewe unafinya halafu unaomba. Mimi naomba halafu nafinya. Tutaona nani atalala."

Na alikuwa na neno lake moja ambalo tulilisikia mpaka tukachoka. Kila Alhamisi baada ya alasiri alitoa nakala ya databesi yote, na hakuridhika kwa kuiona imetoka. Aliirudisha kwenye mashine kuukuu iliyokuwa pembeni, kisha akamwita mmoja wetu. "Ndoo, njoo hapa. Nitafutie mtu yeyote unayemjua." Ukimpata, nakala ni nzima, nendeni kwenu. Ukilalamika kwamba unachelewa gari, alikujibu lile neno: "Nakala ambayo hujaijaribu kuirudisha si nakala. Ni dua."

Mimi kila zamu yangu nilimtafuta mamangu. Naandika majina yake matatu, naye anatokea: Marehemu, kisha jina, kisha Kisauni. Mzee alijua ninamtafuta nani. Hakuwahi kusema kitu, ila siku hizo aliniacha nikae kidogo mbele ya kioo cha mashine kabla ya kuzima.

Na hilo neno Marehemu lazima nilieleze, kwa sababu ndilo lililotuangusha. Sanduku la kwanza kwenye ukurasa wa mgonjwa lilitaka umtaje kwa heshima yake: Bw., Bi., Mtoto. Mgonjwa akifa, mfumo ulitaka ufinye mahali palipoandikwa "funga faili", na ukishafinya yule mtu anakwenda mahali huwezi kumwona tena. Sisi hatukuweza. Karani tuliyemkuta pale, mama mmoja wa Likoni aliyestaafu zamani, alitufundisha siku ya kwanza: "Mtu hafungwi. Ondoa Bi, andika Marehemu, mwache akae na wenzake." Na ni kweli, huku kwetu nani anayelitaja jina la aliyekufa hivi hivi, likiwa tupu? Basi tukaandika, mwaka hata mwaka, na ule mfumo wa zamani haukujali, ulipokea chochote ulichoupa. Mzee alinung'unika kwamba sanduku lile si la kazi ile. Lakini aliliacha. Nadhani na yeye hakutaka kuwafunga watu.

Mkewe alikuwa mgonjwa wa sukari. Siku ya kliniki yake tulimjua Mzee mwengine kabisa. Alitoka chumbani, akavua sweta, akalikunja, akaenda kuketi naye kwenye benchi katikati ya wagonjwa kama mtu asiye na kazi. Bi mkubwa alikuwa mnene, mcheshi, anatuletea mahamri kwenye mfuko wa karatasi na kutuuliza mbele ya mumewe kama bado anatugombeza. Mzee aliangalia chini. Hakumtaja mkewe kwa jina hata siku moja. Akisema "nyumbani wamenikataza chumvi", tulijua nyumbani ni nani. Walizozana kwa sauti ya chini juu ya viatu, kwa sababu mwenye sukari hatakiwi kuvaa vya kubana naye alivipenda, na mwishowe Mzee ndiye aliyevibeba mkononi wakati wa kwenda nyumbani, bibi akitembea na ndara.

Alifia hapo hapo kwetu, wodi ya juu. Mimi ndiye niliyekuwa kwenye kaunta, na mimi ndiye niliyeondoa Bi nikaandika Marehemu. Nilikuwa sijamaliza kukausha macho nikamwona Mzee kasimama nyuma yangu, kaingia kaunta bila ruhusa, jambo ambalo hakulifanya kamwe. Alisoma kioo. "Umeandika sawa," akasema, akarudi chumbani kwake akafunga mlango.

Tulivuka feri kwenda kuzika Likoni. Nilimwona pale uani akipokea mikono ya watu, na mfukoni mwa kanzu yake simu ndogo ya mkewe inalia, inalia, watu wanapiga kutoa pole. Hakuizima. Aliiacha ilie mpaka ikome yenyewe, na akawa anatembea nayo tangu siku ile.

Sasa kulikuwa na jambo limekwisha pangwa. Kampuni iliyotuuzia mfumo ilikuwa imetoa toleo jipya, na mkurugenzi amekubaliana nao siku ya kulipandisha. Mzee alikwenda kuomba isogezwe mbele, msiba upoe kwanza, akaambiwa mipango imekwisha. Hakuomba tena. Hiyo ndiyo kasoro yake ninayoweza kuitaja bila kumwonea: mtu huyu aliyeijaribu nakala mara mbili mbili hakujua kumwomba binadamu mwenzake mara mbili.

Ikawa Jumapili, siku isiyo na kliniki. Niliitwa mimi ili toleo jipya likisimama nilijaribu. Mzee alisema bismillahi, akafinya, na kazi ikaanza vizuri, mistari inapanda kwenye kioo, wodi, madawa, maabara. Ilipofika kwa wagonjwa ikasimama. Akaanza upya. Ikasimama pale pale. Akavuta kiti, akaweka kidole kwenye kioo, akasoma maandishi ya makosa mstari kwa mstari kutoka juu, jambo ambalo vijana hawana subira nalo. Alipofika chini aliondoa miwani.

"Imegota kwa mtu," akasema.

"Mtu gani?"

"Marehemu. Na wa pili ni marehemu. Na huyu. Wote." Akanionyesha. Toleo jipya lilikuwa na orodha yake ya heshima, Bw., Bi., Mtoto na kadhalika, na neno lolote lililo nje ya orodha ile halikubaliki. "Haiwatambui," akasema.

Tukampigia kijana wa kampuni, yuko Nairobi, sauti imewekwa wazi tusikie wote. Kijana hakuwa mbaya, nisimsingizie. "Mzee wangu, hiyo ni kitu rahisi," akasema. "Ukipata neno haijui, iambie ifute iache tupu. Itapita. Hizo ni makosa ya kuandika tu."

"Si makosa," Mzee akajibu. "Hawa ni watu waliokufa."

Kijana akasema, "Sawa, lakini mfumo hauwezi kujua hivyo."

Mzee akakata simu. Akaniambia databesi imekwisha geuzwa nusu, hivi ilivyo haifunguki, kwa hivyo tunarudi nyuma, tunarudisha nakala ya zamani, hospitali itafungua kesho na mfumo ule ule, na hayo mambo ya orodha watazungumza wiki nyengine. Nikafurahi. Akaitafuta nakala ya Alhamisi. Alhamisi ile yeye alikuwa kwenye matanga, na Jumapili hii alianza kazi bila kuikagua. Nakala ilikuwa imejitoa yenyewe kwa saa yake, na hakuna aliyekuwepo kuijaribu, na diski ilikuwa imejaa, kwa hivyo ikakatika katikati. Wodi zilikuwemo. Madawa yalikuwemo. Wagonjwa hawakuwemo. Akajaribu za nyuma yake. Ile diski ilikuwa inaandika mpya juu ya kuukuu, na kuukuu zimekwenda, na ile mashine ya pembeni aliifuta kila alipomaliza kujaribu.

Mzee aliketi chini sakafuni, na sweta lake, mgongo kwenye kabati. Nilidhani anaumwa.

"Ilikuwa dua," akasema.

Mkurugenzi alikuja baada ya adhuhuri, katoka kanisani na nguo zake nzuri. Alisimama mlangoni kwa sababu ya baridi. Hakupiga kelele. Alisema kesho asubuhi uwanja utajaa watu wa sukari, wa presha, kina mama wajawazito, na daktari akimpa mtu dawa bila kuona faili lake anaweza kumuua. "Niambie wewe mwenyewe, Mzee. Nifunge hospitali?" Na alikuwa na haki, hilo ndilo baya zaidi. Kurudi nyuma hakuna, kusimama hakuna.

Mzee aliinuka. Alifanya kama kijana wa Nairobi alivyosema. Sikumsikia akisema bismillahi safari hii, midomo haikucheza. Akafinya, na ikapita papo hapo, mistari yote, mpaka mwisho. Nilijaribu: nikamtafuta mamangu. Akatokea. Jina lake, Kisauni, na mbele ya jina hakuna kitu.

"Sasa wote wazima," Mzee akasema, na sauti yake ilinifanya nitoke nje nikasimame juani.

Hatukujua bado. Toleo jipya lilikuja na jambo jengine, kila mtu alilisifu kwenye mkutano: linatuma ujumbe lenyewe, kuwakumbusha wagonjwa kliniki zao, hasa wale ambao hawajaonekana siku nyingi. Na nani hajaonekana siku nyingi kuliko aliyekufa?

Jumatatu asubuhi nilikuwa nafungua kaunta. Mlango wa Mzee ulikuwa wazi. Nikasikia simu ikilia mle ndani, mlio mfupi wa ujumbe, na nikamwona akitoa mfukoni ile simu ndogo ya marehemu mkewe. Akasoma. Akaisogeza mbali na macho, akasoma tena. Alijua kabla yetu sote. Alitoka akaja kaunta akaniambia, kwa upole ambao sijauzoea, "Watakuja watu leo. Usimjibu mtu. Niite."

Wakaja. Wengine walikuja na hasira, na hasira ni afueni, mtu anakutukana unaomba radhi yanakwisha. Lakini kulikuwa na bibi mmoja wa Chaani. Mwanawe alikuwa mgonjwa wa figo, tulimjua, kijana mrefu. Bibi alikuwa kavaa buibui lake la kutokea, na mkononi ana kadi ya kliniki ya mwanawe, imefutwa vizuri. Akaiweka kaunta.

"Mmemwita," akasema. "Nimekuja kuuliza mmemwona wapi."

Nikamwita Mzee. Alikuja, akazunguka kaunta, akaketi naye kwenye benchi, lile lile la watu wa sukari. Akamwamkia, akamuuliza hali, akamwacha apumue.

"Mama," akasema, "mwanao hatujamwona. Mashine imesema uongo, na aliyeisemesha ni mimi."

Mzee akatoa ile simu ndogo akamsomea, polepole, kwa sababu bibi hakuwa akisoma. Mpendwa mgonjwa, tunakukumbusha kliniki yako. "Huu ni wa mke wangu," akasema. "Tumemzika juzi."

Bibi akaiangalia simu, akamwangalia yeye. "Mimi nilijua hayupo, baba," akasema. "Nimemwosha... wamemwosha mbele ya macho yangu. Lakini nilisikia inasomwa nikajikuta navaa."

"Najua," Mzee akasema.

Walikaa pale mpaka foleni ikaisha. Kisha akamsindikiza mpaka barabarani.

Kuzima zile jumbe lilikuwa jambo dogo, alizizima siku ile ile. Lakini hospitali ilizitaka kwa walio hai, na hazingewashwa mpaka waliokufa watengwe. Naye alikuwa amemkaba yule kijana wa Nairobi kwa simu za kila siku mpaka kampuni ikaliingiza neno Marehemu kwenye orodha yao. Kwa kijana yule aliomba mara mbili, mara tatu, mara kumi. Alikuwa amejifunza, lakini kwa kuchelewa.

Neno lilikuwepo sasa, ila hatukujua la kumwandikia nani. Tuliowakumbuka tuliwaandika. Waliobaki mkurugenzi alisema tuwapigie simu, tuulize. Mzee akakataa. "Kifo cha mtu hakiulizwi kwa simu," akasema, na wallahi alikwenda kwa miguu. Baada ya kazi, siku za mapumziko, Magongo, Mikindani, Bamburi huko kwenye nyumba za wafanyakazi, Likoni kwao. Nilifuatana naye mara kadhaa. Alikuwa na njia yake. Anabisha hodi, anaamkia, anakaribishwa, anaketi, na hamuulizi mtu kitu. Akiulizwa amekuja kwa lipi, anajibu, "Nimekuja kuwajulia hali." Anangoja. Wenye msiba watautaja wenyewe, na wasio nao watamwita mgonjwa atoke amsalimie.

Magongo tulibisha nyumba ya mzee mmoja ambaye tuliamini kabisa kafa. Akatufungulia mwenyewe, kifua wazi, mswaki mdomoni. Mzee wangu hakutikisika. "Nimekuja kukujulia hali," akasema. Yule mtu akatutazama mmoja mmoja. "Hospitali imeanza kutembelea watu majumbani? Basi mimi nimekwisha." Tulikunywa chai yake tukaondoka, na kwenye kona Mzee alicheka mpaka akashika ukuta. Ndiyo mara ya mwisho kumsikia akicheka vile kwa muda mrefu.

Miezi ilikwenda. Marehemu wakarudi, mmoja mmoja, kwenye sanduku lao. Bibi wa Chaani alikuja mwenyewe kuniangalia nikiandika la mwanawe. La mamangu niliandika mimi. Mzee akitoka kwenye ziara zake alinitajia jina, mimi naandika, yeye anasoma nyuma yangu: "Umeandika sawa." Kisha siku moja akasema tumemaliza, waweza kuziwasha jumbe.

Hatukuwa tumemaliza. Nilimtafuta bi mkubwa, nikamkuta hana kitu mbele ya jina lake. Nikageuka kumwambia. Mzee alikuwa anaangalia pembeni, anafuta miwani kwa pindo la sweta. Nikafunga ukurasa. Sikusema, na wenzangu waliokuja kuona baadaye hawakusema, na jumbe zikawashwa. Kila mwezi, siku moja kabla ya kliniki ya sukari, simu ndogo ililia ndani ya chumba cha baridi.

Hawakumfukuza. Walimalizia mkataba wake wakaipa kampuni kazi yote, ikasimamiwa kutoka mbali. Chumba kikawa stoo. Aliondoka na leso na kikombe. Sweta aliniachia mimi, eti nitalihitaji wakiweka ubaridi kwenye kaunta, ambao mpaka leo hawajauweka.

Mwaka huu hospitali inahama tena, mfumo mwengine, kampuni nyengine. Mimi ndiye mkubwa wa rekodi sasa. Wakatuambia mpango: walio hai watahamishwa, walioandikwa marehemu watahamishwa wahifadhiwe, na yeyote ambaye hajaandikwa marehemu na hajafika hospitali miaka kadhaa atafutwa, asichukue nafasi bure. Nilielewa hapo hapo. Bi mkubwa angefutwa. Asingekuwa mzima, asingekuwa maiti, angekuwa hakuwahi kuwepo. Ningeweza kuliandika lile neno mwenyewe, ni kufinya mara moja. Mkono haukukubali. Na kwa simu, baada ya yote aliyonifundisha, ningempigiaje?

Nikavuka Likoni. Nilimkuta barazani kwake, kapungua, kofia imekuwa kubwa. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Ndoo uketi."

Alinipikia kahawa mwenyewe, tangawizi kali. Aliniuliza makarani wapya wanaandika vipi, nikamwambia ovyo, akafurahi. Ndani ya dirisha, juu ya kipande cha ile leso nyekundu, simu ndogo ilikuwa kwenye chaji. Nilijitahidi kutoitazama. Nikanywa, nikangoja.

"Umekuja kwa jambo," akasema.

"Nimekuja kukujulia hali, Mzee."

Akaanza kucheka. Kisha kicheko kikaishia njiani, akageuka akaitazama simu.

"Hilo nimekufundisha mimi," akasema.

"Ni wewe."

Nikamweleza, polepole, jinsi watakavyofuta. Alisikiliza kama alivyokuwa akisoma makosa, kutoka juu mpaka chini, hakunikata.

"Wakimfuta, hayupo hata na waliokufa?"

"Hayupo kabisa."

Akafuta uso kwa kiganja. "Watoto wangu wanasema marehemu mama. Majirani, marehemu. Imamu, marehemu. Na ndivyo, ndiyo heshima yake. Lakini ile simu ikilia, kuna mahali pamoja duniani bado panamngoja aje. Najua ni uongo, ni mimi niliouacha. Nilishindwa, mwanangu. Wa watu wote niliweza, wangu nilishindwa."

Nikalia, sikuona haya.

Baadaye alilitaja jina lake. Majina yote matatu, wazi, kama tulivyokuwa tukimwambia mgonjwa asiyejulikana ayataje kaunta. Mimi nililijua lile jina, nililiona kwenye kioo miaka yote ile, lakini sikuwahi kulisikia mdomoni mwake. "Andika," akasema. "Andika wewe mwenyewe, usimwachie mtu mwengine. Na ukimaliza msome tena."

"Nitamsoma, Mzee."

Akaingia ndani, akaichomoa simu kwenye chaji, akauzungusha waya, akaviweka vyote ndani ya leso akaikunja. Alipotoka alivaa viatu, akashika mkongojo. Nilimwambia asihangaike, njia ya feri naijua. Hakunisikiza, alisema mgeni husindikizwa.

Nikaenda upande wake, kwa mwendo wake. Watu walitupita, pikipiki zikitupigia honi tuondoke njiani, na mimi sikwenda mbio.